Kabla ya Sayari, Ijue Nyota Yake

Wanafunzi wanaoanza kutafiti sayari zilizo nje ya mfumo wetu wa Jua huniuliza waanzie wapi. Huwa nawajibu: kwenye nyota. Sayari ndiyo inayovuta moyo, hata mimi ndiyo iliyonileta huku, lakini karibu kila tunachokijua kuihusu kinapitia kwa nyota yake. Sayari inapokatiza mbele ya nyota tunapima mwanga uliopungua, nao unatupa uwiano wa vipenyo tu. Kipenyo cha nyota kikikosewa kwa asilimia 10, cha sayari nacho kimekosewa vivyo hivyo.

Halafu kuna umri, na hapa ndipo utafiti wangu ulipokita. Ukanda wa uhai, yaani umbali unaoruhusu maji kubaki kimiminika juu ya sayari, hausimami mahali pamoja. Jua changa, miaka bilioni 4.6 iliyopita, lilikuwa na takriban asilimia 70 tu ya mwangaza wa leo. Kadiri hidrojeni inavyogeuka heliamu, kiini hujikaza na kupata joto, na nyota huzidi kung'aa. Baada ya miaka bilioni 1 hivi Dunia itakuwa na joto lisilovumilika kwa bahari zake, ilhali Jua halijakaribia hata kuwa jitu jekundu, yaani nyota iliyovimba mwishoni mwa maisha yake.

Nyota vibete vyekundu, yaani nyota ndogo na hafifu kuliko Jua, ndizo zinazonikosesha usingizi. Chukua TRAPPIST-1 na sayari zake 7. Nyota ndogo kiasi hicho, kabla haijatulia, hung'aa kupita kiasi kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Sayari unayoikuta leo ndani ya ukanda huenda ilianza kwa kuchomwa, maji yake yakawa mvuke, na hidrojeni ikatorokea angani. Usiandike kwamba inafaa kwa uhai kabla hujafuatilia historia hiyo.

Kwa vitendo: jifunze MESA, programu huria ya kukokotoa maisha ya nyota. Anza na Jua, uone kama linafikia mwangaza wake wa sasa kwa umri wake, ndipo ubadilishe tungamo na kiasi cha metali (kwetu, elementi zote nzito kuliko heliamu). Vipimo vya umbali wa nyota vichukue kwenye data za Gaia, darubini ya angani ya Ulaya. Umri wa nyota iliyo peke yake ni mgumu kuupata, kwa hiyo ukiweza, anza na sayari zilizo kwenye makundi ya nyota kama Hyades, lenye takriban miaka milioni 650. Nyota zake zilizaliwa pamoja, na umri huo unaweza kuutumia moja kwa moja kwenye hesabu zako.