Ukipelekwa kwenye mtambo wa ethilibenzini, ishuku benzini

Wadogo zangu wanaomaliza uhandisi wa kemikali huniuliza wasome nini kabla ya kuja Ghuba. Nimekula zamu za usiku miaka kadhaa Jubail, Saudi Arabia, kwenye mtambo wa ethilibenzini. Jibu langu ni moja: jueni benzini yenu imetoka wapi. (Ni kimiminika cha kemikali, malighafi ya mtambo huo; si petroli, ingawa Waarabu huiita petroli "banzin". Wiki ya kwanza nilichanganyikiwa vya kutosha.)

Ubaoni kazi ni nyepesi. Benzini na gesi ya ethilini hukutanishwa na kichocheo, inapatikana ethilibenzini. Hiyo baadaye huondolewa haidrojeni kwenye nyuzi 600 na ushee ikawa stairini, malighafi ya yale masanduku meupe ya samaki. Zamani kichocheo kilikuwa aluminiamu kloraidi, urithi wa Friedel na Crafts wa mwaka 1877. Kilikula mabomba na kuacha taka za kutisha. Sasa ni zeolaiti, punje zenye vitundu ambamo asidi hufanya kazi. Lakini asidi hiyo ikikutana na mchanganyiko wa naitrojeni wenye tabia ya besi (kinyume cha asidi), hushikana nao na sehemu hiyo ya punje inakufa.

Punje hizo hupangwa kwa matabaka. Usiku mmoja niliona joto la tabaka la kwanza linashuka, la pili linapanda. Mmenyuko huu hutoa joto, kwa hiyo palipo na joto ndipo penye kazi: tabaka la kwanza lilikuwa linakata roho. Mimi nikapandisha joto la kuingilia, vipimo vya bidhaa vikatoka safi, nikaandika daftarini "hali shwari". Zamu zilizofuata zikafanya vivyo hivyo. Tulipozinduka, tatizo lilishafika tabaka la tatu.

Kumbe shehena mpya ya benzini ilikuja na mabaki ya amini, mmojawapo wa michanganyiko hiyo ya naitrojeni, chini ya sehemu moja kwa milioni. Chombo cha udongo wa kinga, unaonasa uchafu huo kabla haujafika kwenye kichocheo, kilishashiba siku nyingi, na sampuli yetu ilichukuliwa kabla ya chombo hicho, si baada yake. Ripoti zilikuwepo, nzuri kabisa, za mahali pasipohusika.

Basi siku ya kwanza fuata bomba kwa miguu hadi uone mahali sampuli inapochukuliwa. Halafu kila zamu chora kwa mkono joto la kila tabaka, karatasi moja, jana juu ya leo. Kompyuta inayo michoro hiyo, lakini hukai nayo.

Wakubwa watataka upunguze benzini ya ziada ili kuokoa mvuke wa kuitenganisha na bidhaa. Punguza kidogo kidogo, huku ukiangalia diethilibenzini, yaani benzini iliyoshika ethilini mara mbili, inavyoongezeka.

Na msinuse sampuli. Nilikuwa na tabia hiyo, kama mpishi na mchuzi. Ukiisikia harufu yake tamu, mara nyingi umeshapita sehemu moja kwa milioni hewani, kikomo cha Marekani kwa zamu ya saa 8, na benzini husababisha saratani ya damu. Chupa ifungwe palepale bombani, barakoa ikiwa usoni.