Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kuwa Msaidizi wa Kisheria

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama yako hajambo, na dagaa uliotutumia kwa meli walifika salama. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na kwa kuwa jambo lenyewe ni zito sikutaka kukujibu kwa simu. Umeniuliza kama mafunzo ya usaidizi wa kisheria uliyoyaona mtandaoni, yanayotolewa kwa miezi sita na chuo kimoja cha Marekani, yatakufikisha popote wewe uliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe, au utakuwa umetupa fedha zako ziwani.

Nia yako naiunga mkono kwa moyo wangu wote. Mafunzo hayo, hata hivyo, naomba usiyalipie.

Kule Marekani kazi yenye jina hilo ni kazi ya ofisini. Mtu huajiriwa na wakili au na kampuni, akachambua sheria, akaandaa nyaraka na kupanga majalada ya kesi chini ya usimamizi wa wakili, ambaye ndiye anayewajibika kwa kila kinachotoka. Tangazo ulilonitumia linasema kwamba mhitimu atathibitishwa na Chama cha Wanasheria wa Marekani. Chama hicho huidhinisha programu za vyuo. Hakimthibitishi mtu mmoja mmoja. Chuo kinachokosea jambo hilo katika tangazo lake mwenyewe kinanitia shaka. Lakini hata kingekuwa chuo chema kuliko vyote, kingekufundisha taratibu za mahakama za majimbo ya kule, wakati mjane wa kisiwa cha Ukara anayekufuata na karatasi zake amefungua shauri la mirathi katika mahakama ya mwanzo, na ardhi ya marehemu inalindwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999.

Kwetu msaidizi wa kisheria ni mtu wa jamii. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndiyo iliyomtambua rasmi, ikaweka utaratibu wa kumsajili, na ikamwekea mipaka: anaelimisha, anashauri, anamwelekeza mtu kwenye chombo kinachohusika, anawashauri wanaogombana watafute suluhu, lakini hasimami mahakamani kumwakilisha mtu kama wakili. Huduma yenyewe ni ya wasio na uwezo wa kulipa wakili. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta chuo, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii katika halmashauri yenu, uulize msajili msaidizi wa watoa msaada wa kisheria ni nani, ni mafunzo gani yanayokubaliwa kwa usajili, na ni shirika gani lililosajiliwa linalofanya kazi visiwani. Swali hilo halina gharama yoyote, na linatangulia mengine yote.

Nikueleze sasa kwa nini nimefurahi, maana sikuwahi kukusimulia jambo hili. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka 26. Siku moja alikuja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akaniwekea mezani nakala ya hukumu iliyokuwa imekunjwa mara nyingi hadi maandishi yamefutika kwenye mikunjo. Alitaka kukata rufaa. Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda mahakama ya wilaya hukatwa ndani ya siku 30, na yeye alikuja siku ya 41. Siku zile 30 alizimaliza akimsubiri kishoka, yaani mtu anayejifanya wakili, aliyekuwa amechukua fedha zake langoni, akamwahidi kwamba karatasi zinaandaliwa. Nilimwambia muda umepita, naye akashukuru, akaondoka. Nilichomwambia kilikuwa kweli, lakini hakikuwa kweli yote, kwa sababu sheria inamruhusu mtu kuomba kuongezewa muda akiwa na sababu ya msingi. Foleni ilikuwa ndefu, nami nikaita anayefuata. Mwanangu, yule mama alihitaji mtu mmoja tu wa kukaa naye dakika kumi kabla hajalifikia dirisha langu, na nikifikiri kwamba wewe unaweza kuwa mtu huyo kwa mtu mwingine, nashindwa kukukataza.

Mambo kama hayo ni mengi, na karibu yote ni madogo kwa anayeyajua. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu ndani ya miezi minne, na wengi hudhani kuteuliwa ndio mwisho wa safari, au mbaya zaidi, kwamba kuteuliwa ni kurithi. Baraza la kata tangu 2021 halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu, na usuluhishi usipofaulu ndipo mtu huenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Bado wapo wanaokuja na karatasi ya kata wakiamini wameshashinda. Mambo haya utayasoma kwenye simu yako ukiwa hapo hapo kisiwani, na ndiyo maana sibezi masomo ya mtandaoni. Ninachokataa ni kusoma sheria isiyo ya watu unaotaka kuwasaidia.

Ukitaka elimu yenye ngazi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu wa hali yako, wenye kazi na watoto. Kinafundisha sheria, na kina kituo hapa Mwanza. Usomaji mwingi utaufanya peke yako, nao unadai nidhamu. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kina astashahada na stashahada ya sheria, ila huko ungelazimika kuhama, na wanao bado wadogo. Chuo chochote kingine utakachokiona, hakikisha kwanza kinatambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, au NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, kwa kulitafuta jina lake katika orodha zao mwenyewe, bila kutegemea maneno ya wakala.

Ukiwa unasubiri udahili, anza kusoma hukumu. Tovuti ya TanzLII inaziweka bure. Anza na ile ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, iliyotolewa na Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza, Februari 1990. Bibi Holaria alirithi ardhi kwa wosia wa baba yake, akaiuza 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo, na mtoto wa ndugu yake akamshtaki katika mahakama ya mwanzo ya Kashasha, Muleba, akisema mila za Kihaya hazimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ilimpa ushindi mtoto huyo wa ndugu, mahakama ya wilaya ikatengua, na Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inabagua na haiwezi kusimama mbele ya haki zilizomo katika Katiba. Fuata jinsi alivyotoka kwenye kanuni ya mila hadi kwenye ibara ya Katiba, hatua kwa hatua. Mimi nilijifunza kufikiri kisheria kwa kuisoma hukumu hiyo. Imeandikwa kwa Kiingereza, kama nyingi za zamani, kwa hiyo kamusi iwe karibu.

Kuhusu riziki nitasema waziwazi. Wasaidizi wa kisheria wengi hujitolea, na nauli kidogo ya shirika haiwezi kulisha nyumba. Usiache kazi ya duka. Ukipata stashahada au shahada, milango ya ajira katika mahakama na ofisi za mawakili inaweza kufunguka, lakini usikope kwa kutegemea jambo hilo.

Nusu ya ada ya mwaka wa kwanza nitailipa mimi, kutoka katika kiinua mgongo. Nakuomba jambo moja tu: kabla ya kujaza fomu yoyote, njoo huku kwa juma moja. Tutakwenda mahakama ya mwanzo asubuhi, tukae kwenye benchi la nje pamoja na watu wanaosubiri kuitwa, usikilize wanachoulizana. Daftari langu la zamani la tarehe na taratibu bado lipo kabatini. Nimemwambia mama yako asilitoe vumbi mpaka ufike ulichukue mwenyewe.

Baba yako