Mdaiwa Aliyenifundisha Biashara

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa wakili kijana, mwenye miaka mitatu tangu aapishwe, akiniuliza kama aendelee na uzamili wa sheria au ahamie kwenye usimamizi wa biashara kama nilivyofanya mimi. Yeye nilimjibu kwa ufupi. Jibu refu nalitoa hapa, kwa kuwa najua mko wengi mnaokaa kwenye mabenchi ya mahakama ya Kisutu mkisubiri kesi iahirishwe, ilhali mawazo yapo kwenye miradi.

Nilisoma sheria miaka minne Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikapita Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha nikafanya uwakili kwa miaka sita. Kilichonichosha ni kwamba mikataba ya wateja nilikuwa naiandika mimi, lakini mazungumzo yakifika kwenye bei, naombwa nisubiri nje. Nilipoaga, mkuu wangu wa kazi alisema mbele ya wenzangu kwamba biashara ni kimbilio la mawakili walioshindwa. Neno lile sijalisahau, ingawa siku hizi ofisi hiyohiyo huniandikia barua ikiomba kazi za kampuni yangu ya vifungashio.

Nikajiunga na masomo ya jioni ya usimamizi wa biashara. Katika wiki ya pili mwalimu wa uhasibu aliandika mizania ubaoni, yaani jedwali lenye mali za biashara upande mmoja na madeni yake upande wa pili, na upande wa mali akaweka: wadaiwa, shilingi milioni 40. Nilinyoosha mkono kwa kujiamini nikasema amekosea upande, maana kwa miaka sita mdaiwa niliyemfahamu ni mtu anayekwepa hati ya wito. Darasa zima liliangua kicheko, na dada mmoja wa benki alicheka hadi akainamia meza. Mwalimu alieleza kwa upole kwamba fedha iliyo mikononi mwa mdaiwa bado ni mali yako, ilimradi una sababu ya kuamini kuwa atalipa. Ukianza kuwa na shaka, unaipunguza thamani mapema vitabuni. Nilikuwa sijawahi kufundishwa kuipa shaka bei.

Kazi yangu ya kwanza ya kuandika ilikuwa ya kurasa 11, yenye hoja za kila upande kama ilivyo desturi yetu. Ilirudi na alama 46 na swali moja la wino mwekundu: "Uamuzi wako ni upi?" Nililia kwenye daladala, sioni aibu kulisema.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kulipa karo jifunzeni uhasibu wa mwanzo. Mkifika darasani, kaeni na watu wa hesabu, msijikusanye wanasheria peke yenu kusahihishana Kiingereza. Na jifunzeni uhasibu, narudia. Anayefuata cheti tu atatoka na cheti, na atabaki yuleyule wa kuorodhesha hatari kumi bila kuchagua njia hata moja. Miaka mliyoitumia kwenye sheria imeshatumika. Isiwe sababu ya kubaki mahali msipopapenda.

Kijana wangu ameuliza pia kama aiache leseni. Asiiache, mimi yangu naihuisha kila mwaka. Leo alasiri nimeletewa mkataba wa ugavi wa kurasa 23, na nimeanza kuusoma kwenye kiambatisho cha bei.