Baiskeli ya laki nane: bima ipo, ila isome kabla hujalipa

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi Mikindani na nafundisha Mtwara mjini. Nina baiskeli ya gia niliyoinunua kwa mtu kwa shilingi 800,000. Nataka kuikatia bima ya wizi na ya ajali, lakini ofisi moja niliyokwenda waliniambia baiskeli haikatiwi bima kwa kuwa haina namba. Ni kweli? Halafu msimu wa korosho mdogo wangu huichukua kubebea magunia hadi ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Hiyo ina shida?

JIBU: Si kweli, Mwalimu. Aliyekujibu alikuwa na magari kichwani. Barabarani, bima ya lazima ni ya vyombo vya moto. Baiskeli hailazimishwi, ila pia hakuna sheria inayomkataza mtu kuikatia. Inaingia kama mali nyingine yoyote, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea kuuliza. Ukiiweka kwenye bima ya mali za nyumbani peke yake, kwa kawaida inalindwa ikiwa ndani ya nyumba. Ikichukuliwa nje ya lango la shule, umekwisha. Omba kifungu cha hatari zote, kinachoifuata mali popote iendako, na baiskeli itajwe yenyewe kwenye jedwali la mkataba: aina, rangi, thamani na namba ya fremu.

Namba inayo. Igeuze magurudumu juu, tazama chini ya fremu pale mhimili wa pedali unapopita. Kwa upepo wa chumvi wa Mikindani huenda umekuta kutu tu. Sugua kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, usitumie msasa, maana tarakimu zenyewe hazikuchimbwa sana. Zikionekana, zipige picha, kisha upige na baiskeli nzima ukiwa umeishika.

Kwa kuwa hukununua dukani, huna risiti. Mtafute aliyekuuzia muandikiane hati ya mauziano yenye namba hiyo, mkaisaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Bila kuonyesha kwamba mali ni yako, dai halifiki mbali.

Sasa wizi. Mikataba mingi hutaka baiskeli iwe imefungwa kwa kufuli kwenye kitu kisichong'oka, au iwe ndani ya chumba kilichovunjwa na alama za kuvunjwa zionekane. Kuiegemeza kwenye mwembe huku cheni imezungushwa kwenye gurudumu la nyuma tu hakutoshi. Mwizi anaibeba begani. Na wakichomoa kiti au gurudumu wakaacha fremu, mara nyingi hulipwi. Ikiibwa, nenda kituo cha polisi siku hiyohiyo ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako, kisha uijulishe kampuni kwa maandishi. Meseji kwa wakala peke yake isikutoshe.

Upande wa ajali, bima hulipa tukio la ghafla: umeanguka, rimu imepinda, fremu imepasuka. Hailipi kutu, tairi lililokwisha wala cheni iliyolegea kwa matumizi. Usimpelekee fundi kabla kampuni haijaikagua au kukuruhusu. Kuna madai yanayokufa hapo tu, kwa sababu mtu alinyoosha uma asubuhi na kupeleka picha jioni.

Ukigongwa na lori, na barabara ya Mtwara kwenda Lindi unaijua ilivyo na malori, usikimbilie bima yako kwanza. Andika namba ya lori, uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, uone bima yake ni hai na ni ya kampuni gani. Hata ile tunayoiita bima ndogo, inayolipa wale waliogongwa na si gari lenyewe, inahusika na majeraha yako, na mikataba mingi hulipa pia mali ya aliyegongwa hadi kikomo fulani.

Kitu cha kupigia hesabu hasa ni eksesi, yaani kiasi unachojibebea mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Tuchukulie mkataba unasema asilimia 10 ya dai, isipungue shilingi 100,000. Rimu na spoku zikikugharimu 90,000, hupati kitu. Baiskeli nzima ikiibwa, unapata 700,000, na hiyo ni kama thamani yake bado ni laki nane, kwa kuwa kampuni nyingi hukata uchakavu. Kwa baiskeli yako bima inaleta maana kwa wizi, si kwa mikwaruzo. Mwenye Phoenix ya mtumba ya laki moja na nusu mimi humwambia anunue kufuli zito, hata kama nakosa kamisheni.

Usijaribu kupunguza ada kwa kutaja thamani ndogo. Ukiikatia kwa 400,000 wakati ni ya 800,000, kampuni ina haki ya kukuhesabu umekata nusu: hasara ya 200,000 inakuwa 100,000, na eksesi ile ya mfano wetu inaimaliza yote. Kumbuka pia kuna VAT juu ya ada, na bima haianzi mpaka ulipe.

Kuhusu mdogo wako: ndiyo, ina shida, na ni kubwa kuliko zote ulizoniuliza. Fomu itakuuliza matumizi. Ukiandika binafsi, kisha ikavunjika keria na fremu chini ya magunia mawili ya korosho, dai litakataliwa, na kwa kuwa ulificha wanaweza kuufuta mkataba wote. Kama anabeba za shamba lenu, liandike wazi na uulize ada itabadilikaje. Kama anabebea watu kwa malipo, hiyo ni biashara, na wengi hawaipokei kwenye kifungu hiki. Mtafutie baiskeli ya mzigo. Yako ya gia hata keria yake haikutengenezwa kwa gunia.

Ukikataliwa dai na sababu haikuingii akilini, idai sababu hiyo kwa maandishi, kisha upeleke malalamiko yako kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO.