Je, 91 ni namba tasa?

Hapana ndugu yangu, 91 si tasa, ingawa naelewa kwa nini mwanao kaiweka kwenye orodha yake ya namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na zenyewe. Ni witiri, haiishii na 5, na 9 + 1 ni 10, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Wengi huishia hapo. Mwambie asogee mpaka 7: 91 ni 70 na 21, na zote mbili zinagawanyika kwa 7 bila baki. Basi 91 = 7 × 13, na vigawo vyake ni 1, 7, 13 na 91 yenyewe.

Asione aibu, maana namba hii inahadaa hata kipimo cha mwanahisabati Fermat cha kutambua namba tasa. Kipimo hicho kinasema: ukizidisha 3 kwa yenyewe hadi kipeo cha 90, kisha ukagawa kwa 91, lazima ibaki 1 kama 91 ni tasa. Na kweli inabaki 1! Angalia: 3 kwa kipeo cha 6 ni 729, yaani 8 × 91 na 1 juu, na 90 ni 6 mara 15. Hakuna namba ndogo zaidi yenye vigawo vingine inayopenya kipimo hicho kwa 3.

Ila mimi naipendea machungwa. Panga chini mraba wa 6 kwa 6, juu yake 5 kwa 5, endelea hadi moja kileleni: 36 + 25 + 16 + 9 + 4 + 1. Hesabu lundo lote, ni 91. Jumlisha pia 1 hadi 13, utaipata tena.