Viini vingi havitaokoa seva yako

Wadogo zangu wa Lubumbashi, kila mzigo wa kompyuta zilizotumika ukishapita mpakani Kasumbalesa naanza kupokea picha zenu: prosesa ya Xeon E5-2680 v4, viini 14 (sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa), nyuzi 28 (kazi zinazoweza kwenda sambamba), bei nzuri. "Yaya, hii itatosha kuhosti seva ya Minecraft, marafiki waingie, na mimi nicheze humo humo?" Haitatosha. Nilishasema, na nitasema tena, kwa sababu pesa mnazotupa ni za jasho.

1. Tazameni kasi ya kiini kimoja kabla ya idadi. Seva hupiga tiki 20 (mizunguko ya kusasisha ulimwengu wa gemu) kwa sekunde, yaani kila tiki ina milisekunde 50 za kumaliza mazombi, wanakijiji, redstone (nyaya na mitambo ya ndani ya gemu) na hopa za kupitishia vitu, zote. Kazi hiyo karibu yote hubebwa na uzi mmoja. Xeon ile ya mwaka 2016 huanzia 2.4 GHz, na hata ikijikaza sana kiini kimoja hakizidi 3.3.

Mdogo wangu mmoja wa Kamalondo aliinunua hivyo hivyo. Mwanzoni raha tupu, marafiki wachache wanachimba, hakuna shida. Wakajenga shamba la wanakijiji na mitambo ya kuyeyushia madini, ndipo zombi akawa anapigwa panga sasa, anakufa baadaye. Kijana akafungua Task Manager, akanipigia: "Yaya, seva iko nakwama, lakini prosesa iko nalala!" Hapo ndipo wengi mnapopotea. Uzi mmoja kati ya 28 ukijaa kabisa, kipimo cha jumla hakifiki hata asilimia 4. Prosesa haikulala, uzi mmoja ulikuwa unazama peke yake. Yeye akalaumu intaneti, akabadilisha mtandao. Bado. Akaongeza RAM, akaipa Java, inayoendesha seva, karibu yote kwa -Xmx (mpangilio wa kikomo cha RAM), gemu yenyewe ikakosa nafasi na Windows ikaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski. Akiba yote ikaishia humo, na mwisho mashine ikauzwa kwa hasara. Iliniuma sana, maana amri moja tu ya /mspt kwenye Paper (aina ya programu ya seva ya Minecraft) ingemwonyesha tangu siku ya kwanza kwamba tiki zinavuka milisekunde 50.

2. Kwa marafiki wachache, Ryzen 5 5600 yenye viini 6 na wati 65 inabeba seva na gemu pamoja. Mwenye uwezo atafute Ryzen 7 5800X3D: viini 8, na kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96 ambayo gemu nyingi huipenda, inakaa kwenye mazabodi (bodi kuu) nyingi za soketi ya AM4 ukishasasisha BIOS (programu ya kuiwashia bodi). 7800X3D ni kali zaidi, ila inakulazimisha bodi ya soketi ya AM5 na RAM ya DDR5, na mfuko lazima ukubali.

3. Seva na gemu zikinyang'anyana prosesa, Task Manager inakuruhusu kuchagua programu ipi ikae kwenye viini vipi.

4. Ondulere (UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika), tafadhali. SNEL, shirika la umeme, ikikata wakati ulimwengu unahifadhiwa, faili zinaweza kuharibika, kwa hiyo wekeni nakala kila siku kwenye diski nyingine. Na mwezi wa kumi, joto likipanda, toeni vumbi kwenye feni na mbadilishe pasta ya kupitishia joto ya prosesa: ikichemka hujipunguzia kasi, na tiki zinaanza kuchelewa hata kama ulinunua vizuri.