Matawi ya sungura: utambue mti kabla ya kushika panga

Ndugu, umeeleza kwamba sungura wako ameguguna kizingiti cha kibanda chake hadi kimebaki nusu, ukauliza iwapo unaweza kumkatia tawi lolote lililo karibu. Tabia yake ni ya kawaida, kwa sababu meno ya sungura, yote 28, hayaachi kukua maisha yake yote, na yale ya mbele huongezeka kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Lakini si kila tawi linafaa. Mimi nafuga sungura wawili hapa Lushoto, ambako mti salama na mti wenye sumu husimama katika shamba moja, na hapo ndipo nilipokosea.

Msimu mmoja wa baridi jirani alipogoa miti yake ya matunda, nami nikabeba mzigo wa matawi yaliyokwisha kupukutisha majani, nikiamini kuwa yote ni ya mtufaha, ambao hauna madhara. Nilikuwa nimekwisha kuwapa vijiti kadhaa ndipo mwenye shamba aliponiambia, kama jambo la kupitia tu, kwamba rundo lile lilikuwa na plamu na pichi pia. Majani, magome na vijiti vya jamii hiyo ya miti vina kemikali inayotoa sianidi inapotafunwa, sumu ileile inayotulazimu kuiandaa mihogo michungu kwa uangalifu. Sungura naye hawezi kutapika. Niliviondoa vyote, nikakesha nikiangalia kama wanakula na kama kinyesi kinatoka; hawakudhurika, ila bahati hiyo sitaki kuijaribu tena.

Tangu siku hiyo nakata mwenyewe, kutoka mti ulio hai ninaoutambua kwa majani au matunda yake. Ninaoutegemea zaidi ni mforosadi, kwa kuwa huchipua upesi baada ya kukatwa. Sungura wangu huanza na majani, wakaingia kwenye ganda, na mwishoni huacha kijiti cheupe kitupu. Unaofuata ni mtufaha, kisha mpera. Mparachichi usiuguse kabisa, kwani majani na magome yake yana sumu inayodhuru moyo, na kwa kuwa umejaa katika nyua zetu, huo ndio ninaouhofia kuliko yote. Iache pia miti ya uzio kama mnyaa na mbono, pamoja na oleanda ya mapambo. Lusina, mti wa malisho, wengi huwapa mbuzi bila shida, lakini una kemikali iitwayo mimosini, ambayo ikizidi humnyonyoa sungura manyoya.

Ukishaujua mti, uliza umepuliziwa nini. Mwenye shamba akisitasita kukueleza ni lini alipiga dawa mara ya mwisho, mshukuru, uende kwingine. Mabaki ya mbao kwa seremala sichukui hata ya bure, maana huwa na rangi, gundi au dawa ya mchwa.

Nakata vijiti vya unene wa kidole gumba, urefu wa shubiri moja hivi, navisugua kwa maji matupu na kuviacha na ganda lake, kwa sababu ganda ndilo wanalolipenda. Vingine nawapa vibichi. Vya akiba navianika juu ya wavu penye upepo, na chenye ukungu nakitupa. Kwa kuwa wako hajazoea, anza na kijiti kimoja, ukiangalie kinyesi chake siku ya pili.

Usitarajie, hata hivyo, matawi yafanye kazi ya nyasi. Kijiti husaidia meno ya mbele na kumwondolea uchovu wa kufungiwa, ilhali magego husagika anapotafuna majani na nyasi kavu kutwa nzima. Ukiona kidevu kimelowa mate, au anaokota chakula na kukiangusha, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.